Pasheni, Batobato na Umbali: Safari ya Mmea Mgeni Hadi Ufipa

Mashamba makubwa ya pasheni ya Afrika Mashariki yamekwisha kufa zaidi ya mara moja. Kilimo cha biashara cha pasheni ya zambarau kilianza Kenya mwaka 1933, kikapanuliwa mwaka 1960, na wakati huohuo zao likapelekwa Uganda kwa matumaini yaleyale. Katika nchi zote mbili mambo yalikwenda njia moja. Nguzo na waya zilinyoshwa hekta kwa hekta, mmea ukashikana na mmea, na maradhi yalipoingia hayakukuta kitu cha kuyazuia mpaka mwisho wa shamba. Wakulima wakubwa wakaacha. Pasheni ikahamia kwenye vishamba vidogo vilivyotengana, na huko ndiko ilikopona.

Habari hiyo inaihusu sana Mwazye. Kata hiyo ya wilaya ya Kalambo iko juu ya uwanda wa Ufipa, kusini mwa Sumbawanga, na shamba la huko ni la mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Pasheni ni mmea wa nyumbani: hupanda uzio, hutambaa juu ya mparachichi au kwenye paa la jiko, na matunda yake huliwa na watoto kabla hayajafika sokoni. Mpanga mipango ya masoko ataliona hilo kuwa unyonge. Mimi naliona kuwa mtaji. Uwanda ambao pasheni yake imetawanyika nyumba hadi nyumba una kitu ambacho Kenya na Uganda walikitafuta baada ya kupata hasara, nacho ni umbali kati ya mmea na mmea. Sasa lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma, miche inasafiri kwenye mabasi pamoja na magunia, na umbali huo unaweza kwisha katika misimu michache tu.

Mmea wenyewe umetoka mbali. Nyumbani kwake ni kusini mwa Brazili, Paragwai na kaskazini mwa Ajentina. Jenasi yake, Passiflora, ina spishi zaidi ya 500, karibu zote za bara la Amerika, na chache za Asia na Australia. Afrika bara haina hata moja ya asili. Daktari Nicolás Monardes wa Seville aliandika juu ya mimea hiyo mwaka 1569. Miaka arobaini baadaye, huko Roma, Giacomo Bosio alikuwa akitunga kitabu kikubwa juu ya Msalaba, akaletewa michoro ya ua hilo kutoka Meksiko. Alishangaa kiasi cha kuogopa kwamba hayo yametiwa chumvi. Lakini michoro ilikuwa kweli, na mwaka 1610 ua la pasheni likaingia kwenye vitabu vya Ulaya likiwa ua la Mateso ya Yesu.

Ukilitazama kwa karibu unaelewa kwa nini walilisoma hivyo. Katikati husimama kijiti, na juu yake vichwa vitatu vilivyotanuka, ambavyo waliviita misumari. Chini yake huning'inia vifuko vitano vya chavua, wakavihesabu kuwa majeraha matano. Kuvizunguka vyote kuna taji la nyuzi nyingi, nyeupe kwenye ncha na zambarau kwenye mashina, nalo likawa taji la miiba. Mwazye ni mahali ambapo maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa. Mapadre Weupe walifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, wakapanda uwandani na kujenga misheni zao, na Mwazye ndiko alikozaliwa Polycarp Pengo mwaka 1944, kadinali wa baadaye.

Wataalamu wa mimea walikuja nyuma ya wachamungu. Carl Linnaeus aliipa jenasi jina lake rasmi mwaka 1753. Mwaka 1818 John Sims, huko London, akaieleza pasheni ya zambarau kwa jina la Passiflora edulis. Ile ya manjano ilikaa muda mrefu bila kutengwa, hadi Otto Degener alipoieleza huko Hawaii mwaka 1932 kuwa umbo la pekee la spishi hiyohiyo, flavicarpa. Mwaka mmoja tu baadaye Kenya ilianza kupanda kwa biashara. Kwa hiyo mmea tunaoudhani wa zamani sana katika kilimo chetu uliingia mashambani wakati wataalamu ndio kwanza wanazitenganisha aina zake kwa majina.

Hata hivyo, familia ya pasheni ilikuwako Afrika kabla ya mgeni huyu. Ndugu zake wa hapa ni Adenia na Basananthe, mimea ya porini yenye maua madogo ya kijani ambayo wapita njia hawayaoni. Adenia hutambaa kwa vikono kama pasheni, na baadhi ya spishi zake zina sumu kali. Mtu asiyejua kutofautisha anaweza kuleta nyumbani mmea wa kuua. Waliofanya kazi ya kuwatenganisha ndugu hawa wanastahili heshima kuliko wanayopewa. W. J. J. O. de Wilde wa Leiden alitoa uchunguzi wake mkubwa wa Adenia mwaka 1971, na mwaka 1975 ndiye aliyeandika sehemu ya familia ya pasheni katika mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kazi iliyoanza mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Kazi kama hiyo huegemea vielelezo vilivyokaushwa, na Ufipa ilitoa sehemu yake. Ng'ambo ya mpaka, Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, palikuwa na makao ya huduma ya kimataifa ya kupambana na nzige wekundu, kwa sababu nzige hao walizaliana kwenye mbuga za Rukwa. Mtaalamu wa mimea A. A. Bullock alikusanya mimea katika eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baada yake Mary Richards, mama aliyekuwa amevuka umri wa miaka sitini, akapanda na kushuka vilima hivyo kwa miaka mingi akikusanya maelfu ya vielelezo. Vita dhidi ya nzige vilituachia orodha ya mimea yetu.

Orodha hiyo ina faida kwa mwenye uzio wa pasheni, maana kosa la kwanza hutokea kabla ya ugonjwa wowote: watu hawajui wanayo pasheni gani. Pasheni ya zambarau na ya manjano zote zina jani linalong'aa, lenye meno pembeni na lililogawanyika mara tatu, na kwenye kikonyo, karibu kabisa na jani, kuna vinundu viwili vidogo vya kutoa utamu kwa sisimizi. Tunda likiwa bado halijaiva, zote ni kijani. Tazama vikono basi. Vya zambarau huwa kijani. Vya manjano, pamoja na shina changa na mishipa ya jani, hutiwa wekundu au urujuani. Kisha tazama saa. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. La manjano hungoja adhuhuri, likabaki wazi mpaka usiku. La zambarau hujichavusha lenyewe. La manjano kwa kawaida halizai bila chavua ya mmea mwingine usio wa ukoo wake wa karibu, na mletaji hodari wa chavua hiyo ni yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao za paa. Ukimuua kwa kulinda dari, usishangae manjano yako ikichanua bila kuzaa.

Kalambo ni darasa zuri la tofauti hizo kwa sababu ya mteremko wake. Uwanda uko mita 1,500 hadi zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo pasheni ya zambarau iko nyumbani. Ukishuka hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, uko chini ya mita 800, kwenye joto ambalo pasheni ya manjano hulipenda na ya zambarau hulikataa. Mtu wa Mwazye aliyeleta mbegu kutoka kwa shemeji yake wa ziwani, akapata mmea wenye majani mengi na matunda machache, asikimbilie kusema umerogwa au umeambukizwa. Huenda umewekwa mahali pa baridi tu.

Wapo jamaa wengine wanaokutwa nyanda za juu na pwani. Passiflora ligularis ina jani la umbo la moyo lisilogawanyika wala meno, vikonyo vyenye vinyuzi virefu badala ya vinundu, na tunda la rangi ya chungwa lenye ganda gumu na nyama nyeupe tamu isiyo na ukali. Ile yenye shina la pande nne kama fito iliyochongwa ni quadrangularis, ambayo tunda lake hufikia ukubwa wa papai. Mmea wenye majani ya manyoya laini, maua ya waridi yanayoning'inia na tunda refu la manjano ni wa milima ya Andes, na katika nyanda za juu kadhaa duniani umegeuka gugu. Kuna na foetida, gugu la njiani linalonuka, ambalo kijitunda chake kimefunikwa na wavu wa nywele zenye gundi. Haya si mambo ya kupamba maarifa. Gugu la familia hiyo linaweza kuwa ghala la virusi, na anayeing'oa pasheni yake mgonjwa huku akiliacha gugu hilo ukutani amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu virusi vyenyewe, nchi hii, Tanzania, ina historia ambayo wanafunzi wetu wangepaswa kuijua tangu shule ya msingi. Mwaka 1894 Otto Warburg alieleza ugonjwa wa kukunjamana kwa majani ya muhogo Usambara, na hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya kitaalamu juu ya batobato la muhogo. Miaka miwili kabla yake, Dmitri Ivanovsky wa Urusi alikuwa ameonyesha kuwa utomvu wa tumbaku yenye batobato huendelea kuambukiza hata ukichujwa kwa chujio lisilopitisha bakteria. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akasema wazi kwamba kinachopita kwenye chujio ni kitu cha namna nyingine kabisa. Kwa hiyo ugonjwa wa shamba la Msambaa ulikuwa tayari mezani wakati elimu ya virusi ilipokuwa ikizaliwa.

Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Waingereza waliirithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikalala, kisha ikaamshwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1928 akaja Harold Storey kutoka Afrika Kusini. Alikuwa ameshagundua kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi hupelekwa na mdudu mdogo mrukaji anayefyonza utomvu, Cicadulina mbila. Amani alikwenda mbali zaidi. Aligundua kuwa katika spishi hiyohiyo wapo wadudu wanaoweza kuambukiza na wasioweza, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Kisha akachukua wale wasioweza, akawatoboa tumbo kwa sindano nyembamba ili virusi walivyovila vipenye ukuta wa utumbo, nao wakaanza kuambukiza. Fikiria mkono uliotoboa tumbo la mdudu mdogo namna hiyo bila kumuua. Mwaka 1936 alieleza ugonjwa wa michirizi kahawia wa muhogo, na mwaka 1938, pamoja na R. F. W. Nichols, akaonyesha kuwa batobato la muhogo hupelekwa na inzi weupe. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, waliuzalisha muhogo na mti wa mpira wa Ceará ili kupata ukinzani, na mbegu kutoka kazi hiyo zilipelekwa Nigeria ambako zilikuwa chanzo cha aina kinzani zilizosambaa Afrika nzima. Kwenye makala za Amani jina la mwandishi ni moja au mawili, ya Waingereza. Waliopanda, waliopalilia na waliohesabu majani yenye batobato kila asubuhi walikuwa watu wa milima ile, nasi tunawadai kumbukumbu.

Somo kubwa la Storey ni kwamba hutoshi kujua jina la ugonjwa. Ujue nani anaubeba na anaubeba muda gani. Mrukaji wa milia ya mahindi akishapata virusi hukaa navyo maisha yake yote. Pasheni ina mambo mengine kabisa.

Ugonjwa wa kukakamaa kwa matunda ya pasheni uliandikwa Australia na N. A. Cobb mwaka 1901, na mwaka 1928 ikathibitishwa huko kuwa chanzo chake ni virusi. Hapa kwetu, kwa miongo mingi, kila pasheni yenye dalili hizo ilihesabiwa kuwa na virusi vilevile vya Australia. Vipimo vya kisasa vilipokuja, picha ikabadilika. Mwaka 2012 Mildred Ochwo-Ssemakula na wenzake walichapisha uchunguzi uliotenga virusi vya Uganda vyenye sifa zake, vikapewa jina la nchi hiyo. Nchini Kenya, mwaka 2019, ulichapishwa mfuatano kamili wa jenomu ya virusi vya batobato vya kunde, vile vinavyobebwa na vidukari, vilivyotolewa kwenye mpasheni. Virusi hivyo hivyo ndivyo vinavyoitesa pasheni ya Brazili. Ni jamaa wa kundi moja, nyuzi ndefu zinazopindika, kila mmoja na urefu wa kama nanomita 750, na jicho la mkulima haliwezi kuwatofautisha.

Jicho linachoweza kuona ni jani. Jani jipya la mpasheni mgonjwa huja na mabaka ya kijani kilichokolea na kijani kilichopauka, bila mpangilio, mara nyingine na viduara vya manjano. Uso wake huvimba na kujikunja, na ncha za mmea hudumaa. Tunda hubaki dogo, limepindika, ganda lina mikwaruzo. Likate katikati: ukuta mweupe wa ndani, ambao kwa tunda zima ni mwembamba na laini, umekuwa mnene na mgumu hata kisu kinakwama, na penye juisi pamebaki nafasi ya vijiko viwili vya mbegu. Hapa ni rahisi kukosea. Njano inayoanza kwenye majani ya chini na kuenea sawasawa ni njaa ya udongo. Majani machanga yaliyojikunja na kuwa na rangi ya shaba huenda yana utitiri. Mmea wote ukinyauka kwa siku chache, shina likichanwa karibu na ardhi likaonekana kahawia ndani, huo ni mnyauko wa fusari. Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara ni kuvu. Huo mnyauko na madoa ndiyo yaliyowafanya wakulima wengi wa Kenya wabebeshe zambarau juu ya shina la manjano, na kituo cha utafiti cha Thika kikatoa aina za manjano KPF 4, KPF 11 na KPF 12. Lakini kubebesha hakuzuii virusi. Kikonyo cha kubebeshea kikikatwa kutoka mmea mama wenye batobato, kila mche unaotoka kitaluni tayari ni mgonjwa, hata kama mnunuzi wa Sumbawanga haoni kitu.

Na hapa ndipo dawa za duka zinaposhindwa. Kidukari hahitaji kukaa kwenye pasheni. Hutua, huchoma jani kwa sekunde chache kuonja, akaona si chakula chake, akaruka kwenda mmea wa pili. Kuonja huko mara moja kunatosha kuchukua virusi, na kuonja kwa pili kunatosha kuviacha. Baada ya michomo michache mdomo wake umekwisha kusafishika. Mkulima anayenyunyiza sumu kila wiki anamuua kidukari baada ya kazi kumalizika, na mara nyingi anamuua nyuki mweusi kabla kazi yake haijaanza. Nimeona fedha nyingi za familia zikimwagwa hivyo, na inaniuma.

Brazili na Taiwan waliamua kubadili mwendo. Taiwan walianza kutoa miche safi iliyokaguliwa na kupanda upya kila mwaka, badala ya kuifanya pasheni mti wa miaka. Wabrazili wengi hukuza miche ndani ya neti hadi ipite mita moja, wakaipanda ikiwa na nguvu, wakakagua kila wiki na kung'oa mgonjwa yeyote siku anapoonekana. Queensland walikuwa na njia nyingine: J. H. Simmonds alieleza mwaka 1959 jinsi mmea uliopewa virusi dhaifu unavyokingwa na virusi vikali vya aina hiyohiyo. Njia hiyo inahitaji maabara ya kuchagua na kulinda virusi hivyo dhaifu, kwa hiyo siipendekezi kwa uzio wa Kalambo. Kupanda upya na kung'oa kunahitaji macho na nidhamu, na hivyo vipo.

Kwa Mwazye ningeanza na mbegu. Virusi hivi havijaonekana kupita kwenye mbegu ya pasheni, ilhali mbegu za kunde hupitisha vile vya kunde, kwa hiyo kunde za kupanda karibu na pasheni ndizo za kutiliwa shaka. Maharage nayo yawekwe mbali. Wafipa wamezoea ntumba, yale matuta ya duara yanayofukiwa nyasi, na wengi hupenda kuyaweka maharage jirani na nyumba. Maharage yakianza kukauka baada ya mvua, vidukari huota mabawa na kutafuta pengine. Chochote kijani kilichobaki uani wakati huo, pasheni ikiwemo, kitaonjwa. Kisu cha kupogolea kioshwe kwa maji ya klorini kati ya mmea na mmea. Miche inayoletwa kutoka mkoa mwingine isipokewe bila kukaguliwa. Mamlaka ya afya ya mimea iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, TPHPA, ndiyo yenye kazi hiyo, na afisa ugani wa kata anaweza kupeleka majani machanga yenye mashaka yakapimwe.

Kalenda ya uwandani yenyewe inasaidia. Mbegu zikisiwa Julai chini ya neti na kumwagiliwa, miche itakuwa mirefu mvua zinapoanza Novemba. Ikipandwa wakati huo, mbali na uzio wa jirani, itakuwa imejaa kwenye waya kabla ya Mei, mwanzo wa miezi ya vidukari wenye mabawa, na mmea unaoambukizwa ukiwa mkubwa hupoteza kidogo kuliko unaoambukizwa ukiwa mchanga. Mavuno makubwa yatakuja kabla ya mwaka wa pili kwisha. Baada ya hapo mipasheni yote ya ua ing'olewe kwa pamoja, pamoja na ile iliyojiotea chini ya mparachichi, ua ukae miezi miwili au mitatu bila pasheni hata moja, ndipo miche mipya itoke kwenye neti.